Dola 18 kwa saa si dola 18 mkononi: kodi za majimbo na miji ya Marekani, na msaada unaotufikia

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mtu aliye Marekani akituma pesa nchi nyingine, na akilipa kwa noti mkononi, anatozwa kodi mpya ya asilimia 1. Habari hii imewatia wasiwasi wengi kwetu, kwa sababu familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika zina mtoto, ndugu au shemeji kule. Watu wanauliza: Je, msaada utapungua?

Tuanze na jibu fupi. Asilimia 1 ya dola 200 ni dola 2. Na hata hizo dola 2 mtu anaweza kuziepuka bila kuvunja sheria, kwa maana kodi hiyo inawagusa wanaolipa kwa noti, kwa money order au kwa hundi ya benki. Anayetuma kutoka akaunti yake katika benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa huko, haimgusi. Basi ndugu zetu wajulishwe jambo hilo, na wasiwasi upungue.

Lakini kuna makato mengine, makubwa zaidi, ambayo hayatangazwi redioni. Yanafanyika kila juma au kila majuma mawili, kabla ndugu yetu hajauona mshahara wake. Tena hayako sawa kwa wote: wawili waliotoka kijiji kimoja, wenye kazi moja na malipo yaleyale kwa saa, wanaweza kubaki na pesa tofauti kwa sababu mmoja anakaa Louisville na mwingine anakaa Texas. Kwa kutojua hilo, familia zimegombana, na watu wa kanisa moja wamehukumiana. Ndiyo maana tunaona vema kulieleza kwa utaratibu.

Nchi moja, kodi nyingi

Kwetu Kongo, kodi ya mshahara, ile tuliyozoea kuiita IPR, ina sheria moja kwa nchi nzima. Mfanyakazi wa Bunia na wa Matadi wanahesabiwa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo tunapowaza juu ya Amerika, tunawaza vilevile: Amerika ni Amerika.

Sivyo. Kule mshahara unaweza kukatwa na mamlaka tatu. Ya kwanza ni serikali kuu ya Washington, na kipimo chake ni kimoja nchi nzima. Ya pili ni jimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Ya tatu ni mji au wilaya, katika majimbo yanayoruhusu jambo hilo. Majimbo 9 hayatozi kodi yoyote juu ya mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Mengine yote yanatoza. Na katika majimbo kama Kentucky, Ohio, Indiana, Michigan na Pennsylvania, mji au wilaya nayo ina sehemu yake.

Jambo hili linatugusa kwa sababu ya mahali ndugu zetu walipopelekwa. Kwa miaka kadhaa kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa mnamo Januari 2025, Kongo ndiyo iliyokuwa nchi yenye wakimbizi wengi kuliko zote waliopokelewa Marekani. Wengi walitoka mashariki, wakapitia kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, na Kiziba nchini Rwanda. Texas na Kentucky ni kati ya majimbo yaliyowapokea kwa wingi, na Ohio pia ina makundi yenye makanisa ya Kiswahili. Mara nyingi mkimbizi hakuchagua jimbo. Aliambiwa mji atakaokwenda, akapanda ndege.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano wa kijana mmoja asiye na mke wala watoto, anayefanya kazi katika bohari la mizigo kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa juma. Kwa juma ni dola 720, na kwa mwaka mzima bila kukosa juma hata moja ni dola 37,440. Tukigawa kwa miezi 12 tunapata dola 3,120 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa huku kwetu mara tu tukisikia "dola 18 kwa saa". Sasa tutazame makato kwa vipimo vya mwaka 2025.

Kwanza, asilimia 6.2 inakwenda kwenye mfuko wa uzeeni unaoitwa Social Security, na asilimia 1.45 kwenye Medicare, yaani mfuko wa matibabu ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65, tangu dola ya kwanza. Kwa kijana wetu ni kama dola 2,864 kwa mwaka.

Pili, kodi ya mapato ya serikali kuu. Hapa dola 15,750 za kwanza hazitozwi kwa mtu asiyeoa. Zinazobaki, dola 21,690, zinatozwa asilimia 10 mpaka dola 11,925, na asilimia 12 kwa sehemu iliyosalia. Jumla ni kama dola 2,364.

Baada ya makato hayo ya Washington, kijana anabaki na kama dola 2,684 kwa mwezi. Mpaka hapo wote ni sawa, akae Texas au akae Kentucky. Kuanzia hapo njia zinaachana.

Akikaa Fort Worth au Abilene, katika Texas, hakuna kodi ya jimbo wala ya mji juu ya mshahara. Zile dola 2,684 zinabaki zote.

Akikaa Dayton, katika Ohio, jimbo linamtoza kama dola 590 kwa mwaka. Lakini mji wa Dayton unatoza asilimia 2.5 ya mshahara wote, yaani dola 936. Ona vema: mji unachukua zaidi kuliko jimbo. Anabaki na kama dola 2,557 kwa mwezi.

Akikaa Louisville, katika Kentucky, jimbo lilitoza asilimia 4 mwaka 2025 baada ya kuacha dola 3,270 za kwanza. Hiyo ni kama dola 1,367. Juu yake kuna kodi ya kazi ya Louisville, ambayo kwa mkazi ni asilimia 2.2 ya mshahara wote, kama dola 824. Anabaki na kama dola 2,502 kwa mwezi. Mwaka huu wa 2026 Kentucky imeshusha kipimo chake hadi asilimia 3.5, jambo linalompa kijana huyu dola 14 hivi zaidi kwa mwezi.

Kwa hiyo, kwa vipimo vya 2025, kati ya Texas na Louisville kuna tofauti ya zaidi ya dola 180 kila mwezi, kwa kazi ileile na jasho lilelile. Dola 180 ni pesa ambayo huku kwetu inaweza kulisha familia ya wakimbizi wa ndani au kulipa masomo ya watoto. Kabla ya kusema kwamba huyu wa Louisville ana mkono mgumu kuliko mwenzake wa Texas, tujue kwamba zile dola 180 hazikufika mkononi mwake.

Na bado hatujataja bima ya afya inayokatwa kazini, nyumba, gari ambalo bila hilo hafiki kazini, wala deni la tiketi ya ndege ambalo mkimbizi anatakiwa kulirudisha kidogo kidogo baada ya kufika.

Mji hauulizi una watoto wangapi

Mtu mwenye familia anaangaliwa kwa namna nyingine na Washington. Mume na mke wanaojaza fomu pamoja hawatozwi juu ya dola 31,500 za kwanza kwa mwaka 2025, na kwa kila mtoto mwenye namba ya Social Security kuna punguzo la kodi linalofika hadi dola 2,200. Familia yenye mapato madogo inaweza hata kurudishiwa pesa kuliko ile iliyokatwa.

Pesa hizo za kurudishiwa hazitolewi kila mwezi. Zinakuja mara moja kwa mwaka, baada ya kujaza fomu, na kwa familia nyingi za namna hiyo ni kati ya mwisho wa Februari na Machi. Hapo ndipo huku tunaona mkono umefunguka: paa la mama linatengenezwa, deni la hospitali linalipwa. Kosa letu ni kuchukua mwezi wa tatu kuwa kipimo cha miezi yote. Mwezi wa sita tunauliza, "Mbona sasa umepunguza?" Hakupunguza. Kile cha Machi kilikuwa mavuno ya mwaka mzima.

Lakini kodi ya mji haina huruma hiyo. Ile asilimia 2.2 ya Louisville inakatwa kwenye mshahara wa baba wa watoto 6 sawasawa na kwenye mshahara wa kijana asiyeoa. Ni vilevile kwa asilimia 2.5 ya Dayton. Inaanza na dola ya kwanza. Akifanya kazi ya pili usiku ili atume zaidi nyumbani, kila saa ya usiku nayo inakatwa.

Kuna jambo lingine linaloumiza zaidi, nalo wachache huku wanalijua. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mzazi anayekaa Uvira au Beni hahesabiwi kama mtu anayetegemea mshahara wa mwanawe aliye Marekani. Mtu wa kuhesabiwa hivyo, kama si raia wa Marekani, ni lazima awe anakaa Marekani, Kanada au Mexico. Pesa anayomtumia mama yake kila mwezi haipunguzi kodi yake hata senti moja. Machoni pa ofisi ya kodi yeye ni mtu mmoja asiye na mzigo, hata kama analisha watu 12 ng'ambo ya bahari.

Ni vilevile kwa matoleo. Kuanzia mwaka 2026, mtu anayejaza fomu ya kawaida anaweza kupunguziwa kodi ya Washington kwa matoleo yake ya pesa hadi dola 1,000, au dola 2,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Lakini ni kwa matoleo yanayopewa kanisa au shirika linalotambuliwa huko. Sadaka inayotumwa moja kwa moja kwa parokia yetu ya hapa haihesabiwi.

Wale wasiokatwa kitu, na wale wanaotaka kuhama

Kuna ndugu wanaosema, "Mimi kazini kwangu sikatwi." Wengi wao ni madereva au watu wanaofanya kazi kwa mkataba wao wenyewe, na mwisho wa mwaka wanapewa karatasi inayoitwa 1099, si ile ya W-2 ya mfanyakazi. Pesa yote inaingia mikononi mwao, lakini si yote iliyo yao. Wao wanadaiwa asilimia 15.3 juu ya faida yao kwa mfuko wa uzeeni na Medicare, kwa sababu wanalipa sehemu ya mfanyakazi na ya mwajiri pamoja. Juu yake kuna kodi ya serikali kuu, ya jimbo, na mahali pengine ya mji. Sheria inawataka walipe kidogo kidogo ndani ya mwaka. Asiyeweka akiba, tarehe 15 Aprili inamkuta na deni pamoja na riba. Tukimshangilia mwezi wa kumi kwa sababu ametuma nyingi, huenda tunakula pesa ambayo atadaiwa mwezi wa nne.

Wengine kazini wanajaza fomu ya W-4 kwa udanganyifu, wakidai watoto wasio nao, ili wakatwe kidogo kila juma. Huo si ujanja. Ni deni lililoahirishwa, na mbele za Mungu ni uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi.

Halafu kuna swali la kuhamia jimbo lisilo na kodi ya mshahara. Linastahili kufikiriwa, ila kwa hesabu kamili. Jimbo lisilokata mshahara hutafuta pesa mahali pengine. Texas inatoza kodi kwenye vitu vinavyonunuliwa dukani, nayo pamoja na ya mji inaweza kufika asilimia 8.25. Kodi za nyumba na viwanja ni nzito huko, na mpangaji anazilipa bila kuziona, ndani ya malipo ya nyumba. Tennessee inatoza asilimia 7 dukani kabla ya sehemu ya mji, na hata chakula cha kupika nyumbani kinatozwa asilimia 4 na zaidi. Kentucky inatoza asilimia 6 dukani, lakini chakula cha namna hiyo hakitozwi. Familia kubwa inayonunua unga, mchele na mafuta kila juma inaliona jambo hilo haraka kuliko kijana anayekaa peke yake.

Anayekaa mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine naye aulize mapema. Mara nyingi mji wa kazi ndio unaokata kwanza. Mji wa makao unaweza kuihesabu kodi hiyo yote, au sehemu tu, au usiihesabu kabisa. Mtu anaweza kuhama mtaa ili apate nyumba ya bei ndogo, kisha akakuta barua ya deni la kodi mlangoni.

Tuhesabu kwa kile alicho nacho mtu

Sasa, haya yanatuhusu nini sisi tulio huku?

Yanatuhusu sana. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa AFC/M23 mnamo Januari 2025 na Bukavu mnamo Februari, benki zikafunga milango, kazi zikapotea, na nyumba nyingi zikabaki zikitegemea simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Nyuma ya ujumbe unaoingia kwenye simu kuna mtu anayesimama saa 10 katika bohari. Uhitaji wetu ni wa kweli, na hatuna sababu ya kuuonea haya. Lakini uhitaji wa kweli haumpi mtu ruhusa ya kuhesabu pesa ambayo haikufika kwa mwenzake.

Wako wanaowatumia ndugu zao andiko la 1 Timotheo 5:8, juu ya mtu asiyewatunza walio wake, kama wanavyotuma barua ya deni. Andiko ni kweli. Lakini Paulo huyohuyo, alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliweka kipimo katika 2 Wakorintho 8:12: utoaji unapimwa kwa kile mtu alicho nacho, wala si kwa kile asicho nacho. Kilichokatwa na Washington, na Kentucky, na Louisville, ndugu yetu hana. Kumwomba kwa kipimo cha dola 3,120 wakati ana 2,502 ni kumpima kwa kile asicho nacho.

Kipimo hicho kinakata pande zote mbili. Baada ya makato yote hayo, yule wa Louisville bado ana pesa ambayo mwalimu wetu wa shule ya msingi hapati kwa mwaka. Kodi isiwe pazia la kujifichia. Anayesema "kodi zimenimaliza" huku anabadilisha simu kila mwaka, na mama yake analala chini ya turubai, huyo naye anapimwa na andiko lilelile: kwa kile alicho nacho.

Wala tusifundishe kwamba kodi ni wizi. Warumi 13 inatufundisha kumpa anayestahili kodi, kodi yake. Ile asilimia 0.75 iliyomo ndani ya kodi ya Louisville kwa mkazi inakwenda kwenye shule za umma, ambako watoto wa ndugu zetu wanasoma bila kulipa minerval. Na ile ya Social Security haipotei: aliyefanya kazi na kuchangia kwa miaka 10 hivi anakuwa na haki ya malipo ya uzeeni. Sisi tulioona wazee wetu wakistaafu bila kitu tunajua thamani ya jambo hilo.

Kwa hiyo tunazishauri familia na parokia zetu mambo haya machache.

Familia isiulize, "Unalipwa ngapi kwa saa?" Iulize, "Kinachokufikia ni ngapi, na umebaki na nini baada ya nyumba na chakula?" Naye aliye kule asione aibu kusoma karatasi yake ya malipo mbele ya wazazi, mstari kwa mstari. Picha za nguo nzuri zimeleta shida kubwa kuliko ukweli wowote.

Familia ikubaliane kiasi cha kila mwezi ambacho kinawezekana hata Juni, na pesa za Machi ziwekwe kwa kazi moja iliyopangwa: paa, shamba, masomo ya mwaka.

Kamati za ujenzi zisiwapangie washiriki walio ng'ambo kiwango kimoja, eti kila mmoja dola 500 kwa sababu yuko Amerika. Wa Houston na wa Louisville hawana mfuko mmoja, na baba wa watoto 6 si sawa na kijana asiyeoa. Na swali la fungu la kumi, kama litolewe kabla ya kodi au baada yake, mchungaji wa hapa asilihukumu kwa simu. Kila mtu na alipime pamoja na kanisa analokusanyika nalo.

Na anayetuma, atume kwa kadi au kutoka akaunti ya benki, ili ile asilimia 1 mpya ibaki kwenye chakula cha watoto.

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Tumezoea kufundisha mfano huo kwa wanaotaka kumfuata. Unafaa pia kwa wanaotaka kusaidiana: waketi, wa huku na wa kule, na karatasi ya malipo iwe katikati yao, wahesabu pamoja kilichopo.